Droo ya kabati inapogoma: Tafuta sababu kabla ya kushika randa

Na Mwandishi Wetu, Ngara

MVUA za masika zinapokolea katika vilima vya Ngara, kero moja ndogo huingia ndani ya nyumba nyingi bila kupiga hodi. Droo ya kabati la nguo, au mtoto wa meza kama wengi wanavyoiita, iliyokuwa ikiteleza vizuri mwezi Januari, inagoma kufunguka mwezi Aprili. Mwenye nyumba anavuta kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili, na mwisho anaweka mguu kwenye kabati ili apate nguvu. Mshikio unang'oka na droo inabaki pale pale.

Hatua inayofuata kwa wengi ni kumwita fundi seremala aje na randa. Fundi anapunguza ubao, droo inafunguka, analipwa na kwenda zake. Lakini ifikapo Julai, kiangazi kikiwa kimeshika, droo ile ile inachezacheza ndani ya nafasi yake na kupinda kila inapovutwa. Kilichoondolewa na randa hakirudi.

Kwa wakazi wa kata ya Nyamiaga na maeneo mengine ya wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, jambo hili si la kupuuzwa. Kabati ni mali inayonunuliwa kwa akiba ya miezi kadhaa. Samani zinazotoka viwandani zikiwa vipande ndani ya maboksi, ili ziunganishwe nyumbani kwa bisibisi, husafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bandari ya Dar es Salaam kabla ya kufika huku. Kuziharibu kwa matengenezo ya pupa ni hasara mara mbili.

Mbao hunywa maji ya hewani

Ubao, hata ukikauka vipi, huendelea kupokea na kutoa unyevu kulingana na hewa inayouzunguka. Hewa inapokuwa na unyevu wa asilimia 50, ubao hutulia ukiwa na maji yapatayo asilimia 9 ya uzito wake mkavu. Unyevu wa hewa unapopanda hadi asilimia 80, kiasi hicho hufika karibu asilimia 16.

Maji hayo huuvimbisha ubao, lakini si kwa pande zote sawa. Kwa urefu, yaani kufuata nyuzi za mti, ubao haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Kwa upana, mabadiliko ni makubwa. Ubao wa paina wenye upana wa milimita 200 unaweza kuongezeka kwa takriban milimita 3 kati ya kiangazi na masika. Ikiwa fundi aliacha nafasi ya milimita 2 tu juu ya droo, basi droo hiyo lazima ibane.

Ndiyo maana mbao mbichi ni chanzo kikubwa cha matatizo. Samani iliyotengenezwa kwa mbao zilizopasuliwa wiki chache tu zilizopita itasinyaa na kupinda ikiwa tayari imo chumbani. Mnunuzi anayeagiza kabati kwa fundi ana haki ya kuuliza mbao zimeanikwa kwa muda gani.

Chipbodi na MDF, ambazo hutengenezwa kwa chembe au nyuzi za mbao zilizogandamizwa pamoja na gundi, zina tabia tofauti. Zenyewe huvimba zaidi kwa unene, hasa maji yakipenya kwenye ncha zisizofunikwa. Ubao wa kawaida ukikauka husinyaa, lakini chipbodi iliyokwisha kufura hairudi katika hali yake. Maji ya kupigia deki yanayoachwa chini ya kabati yanaweza kuiharibu kabisa.

Maswali matatu ya kujiuliza

Hata hivyo, si kila droo inayogoma imevimba. Kabla ya kutoa fedha, mwenye nyumba ajiulize maswali matatu.

La kwanza, tatizo lilianza lini? Likija na mvua na kuondoka na jua, sababu ni unyevu. Likianza baada ya kabati kuhamishwa, sababu ni mkao wa kabati. Likianza taratibu na kuzidi mwaka hadi mwaka, sababu ni uchakavu wa reli au uzito wa vitu.

La pili, ni droo moja au zote? Zote zikigoma kwa pamoja, tazama kabati lenyewe. Ikigoma moja, tazama droo hiyo.

La tatu, inagusa wapi? Paka chaki kwenye kingo za droo, irudishe na kuivuta mara chache, kisha itoe. Mahali chaki ilipofutika ndipo panaposuguana. Hapo hutahitaji kubahatisha.

Kabati likiinama

Sakafu nyingi za saruji zilizosawazishwa kwa mkono huwa na mabonde madogo. Kabati likisimama juu ya miguu mitatu, mwili wake hujipinda, na droo zilizopimwa kwa nafasi yenye pembe mraba hukwama.

Weka pimamaji juu ya kabati, kwanza kushoto kwenda kulia, kisha mbele kwenda nyuma. Ukikosa pimamaji, pima kwa futi kutoka kona ya juu kushoto hadi kona ya chini kulia, kisha kona mbili zilizobaki. Vipimo hivyo viwili vinapaswa kulingana. Visipolingana, chomeka kabari nyembamba chini ya mguu unaoelea, kisha pima tena.

Aidha, usisahau mgongo wa kabati. Ubao ule mwembamba unaopigiliwa nyuma ndio unaozuia kabati kulala upande. Misumari yake ikichomoka, samani nzima hulegea. Rudisha kabati katika mraba wake kwanza, kaza vile vichuma vya duara vinavyounganisha mbao, na ndipo upigilie mgongo upya.

Reli na sakafu ya droo

Droo nyingi za samani za kuunganisha hutembea juu ya reli za chuma. Zenye magurudumu ya plastiki hutolewa kwa kuvuta droo hadi mwisho na kuinua upande wa mbele. Zenye gololi huwa na vibonyezo viwili vidogo, kimoja kila upande, na ni lazima vibonyezwe kwa pamoja.

Reli za gololi za kawaida huhitaji nafasi ya milimita 12.7, yaani nusu inchi, kila upande wa droo. Reli ya kushoto na ya kulia ziwe kwenye kimo kimoja. Safisha vumbi kwa brashi kavu, kisha tia tone la mafuta ya mashine. Mafuta ya kula yasitumike, kwa kuwa huganda na kunasa vumbi.

Kama skrubu ya reli haishiki tena kwa sababu tundu limepanuka, jaza tundu hilo kwa vijiti vyembamba vya mbao vilivyopakwa gundi ya mbao. Njiti za kiberiti zilizokatwa vichwa zinatosha. Acha gundi ikauke usiku kucha, ndipo urudishe skrubu.

Sakafu ya droo nayo hupinda kwa uzito wa vitabu na nguo, ikakwaruza droo ya chini yake. Mara nyingi inatosha kuichomoa, kuigeuza juu chini na kuongeza kipande cha ubao katikati kiwe mhimili.

Lini randa itumike

Kwa droo ya mbao isiyo na reli, dawa ya kwanza ni mshumaa. Sugua nta kwenye kingo za chini na kwenye njia inamopita droo. Wengine hutumia sabuni kavu, lakini katika eneo lenye mvua nyingi nta ni bora zaidi, kwa kuwa sabuni huweza kuvuta unyevu.

Droo ikiendelea kubana, itoe, iache siku kadhaa mahali pakavu penye hewa, mbali na jua kali na moto, kisha ijaribu tena. Ikiteleza, subiri kiangazi cha Juni hadi Agosti, ndipo uipake vanishi pande zote, ndani na nje. Vanishi haizuii unyevu kabisa, lakini huuchelewesha.

Msasa au randa viwe vya mwisho, tena pale tu chaki ilipoonyesha, na kwa kiasi kidogo kidogo. Chipbodi isipigwe randa kamwe: tabaka la juu likiondoka, maji hupata mlango.

Hatari ya kuvuta kwa nguvu

Kuna jambo kubwa kuliko hasara ya fedha. Droo inayovutwa kwa nguvu inaweza kuangusha kabati zima. Uzito wote unapohamia mbele, hasa droo mbili au tatu zikiwa wazi, kabati hupoteza mhimili. Mtoto anayepanda juu ya droo iliyo wazi kana kwamba ni ngazi huongeza uzito huo huo.

Mwezi Juni 2016, kampuni ya IKEA ya Sweden, iliyoeneza samani za kuunganisha duniani, ilitangaza kurejeshwa kwa makabati ya droo yapatayo milioni 29 nchini Marekani baada ya watoto kadhaa kuangukiwa na kufa. Mwezi Desemba 2022, nchi hiyo ilipitisha sheria inayolazimisha makabati ya nguo kupimwa uthabiti kabla ya kuuzwa.

Kinga yake si ya gharama kubwa. Funga kabati kwenye ukuta kwa kipande cha chuma chenye umbo la pembe, kwa skrubu iliyoingizwa kwenye plagi ya plastiki ndani ya tofali, si kwenye lipu peke yake. Weka vitu vizito kwenye droo za chini. Fungua droo moja kwa wakati mmoja. Usiweke juu ya kabati kitu kinachoweza kumvutia mtoto apande.

Droo inayogoma inatoa taarifa kuhusu sakafu, reli au hewa ya chumba. Anayesikiliza taarifa hiyo mapema atatumia mshumaa mmoja na nusu saa ya muda wake. Asiyesikiliza, wahenga walikwisha kumwambia: usipoziba ufa, utajenga ukuta.