Kamba Inayongoja Saini

Narung'ombe, kusini mwa Tanzania, imebaki vitabuni kwa sababu ya visima vyake. Tarehe 19 Julai 1917 majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipambana hapo, Waafrika wa pande zote mbili wakifia ugomvi wa wageni. Lakini kusini ilikuwa imeshaonja adhabu ya wageni hao kabla ya bunduki za 1917. Kinjikitile Ngwale, nabii wa Vita vya Maji Maji, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, na tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani wakawanyonga watu 67 Songea kwa siku moja.

Wajerumani waliondoka, kamba ikabaki. Ilihamia kwenye Kanuni ya Adhabu ya enzi za Waingereza, na leo imo katika Sura ya 16 ya Sheria za Tanzania, kifungu cha 197: anayepatikana na hatia ya mauaji ya kukusudia atahukumiwa kifo.

Neno zito hapo si "kifo". Ni "atahukumiwa".

Tuchukue mfano wa kubuni. Jambazi mmoja wa Nachingwea amemvamia mzee na kumuua ili amwibie fedha za korosho. Huko Ruangwa, mwanamke aliyepigwa na mumewe miaka kumi amemuua mumewe akiwa usingizini. Mashauri yote mawili yanaanzia mahakama ya wilaya, kisha yanapanda Mahakama Kuu. Jaji akishaona kwamba kila mmoja alikusudia, kazi yake ya kupima adhabu imekwisha. Wakili anaweza kusimama na kueleza ile miaka kumi ya kipigo, lakini maneno yake hayana pa kushika. Asiyefikisha miaka 18 hanyongwi, wala mwanamke mjamzito. Wengine wote wanapewa adhabu moja.

Hapo ndipo sheria ya kimataifa inapoingia, na wengi huielewa vibaya. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1976, haukatazi moja kwa moja adhabu ya kifo. Unaibana: iwe kwa makosa mazito kabisa tu, baada ya kesi ya haki, na aliyehukumiwa awe na nafasi ya kuomba msamaha. Itifaki inayoifuta kabisa ni ya mwaka 1989, na Tanzania haimo.

Nyumbani mjadala ulipamba moto mwaka 1994. Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Dodoma, katika kesi ya Mbushuu, alitamka kwamba adhabu hiyo inakiuka Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba ni ya kikatili na inadhalilisha, halafu ikasema Katiba inairuhusu kwa ajili ya kulinda jamii. Hukumu ya ajabu kidogo: ukatili umekiriwa, na bado umeachwa.

Majirani walichukua njia nyingine. Malawi mwaka 2007, Uganda 2009 na Kenya 2017, mahakama ziliondoa ulazima wa kutoa adhabu ya kifo na kumrudishia jaji mizani yake. Rwanda ilikuwa imeshaifuta adhabu yenyewe mwaka 2007.

Kisha ikaja Arusha. Tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake, iliamua kwamba ulazima wa kifungu hicho unavunja haki ya kuishi, na kwamba kunyonga kwenyewe kunavunja utu. Serikali ilipewa mwaka mmoja kuurekebisha. Mwaka ukapita, kifungu kikabaki.

Ajabu ni kwamba kamba yenyewe haifanyi kazi tangu katikati ya miaka ya 1990. Benjamin Mkapa, mtoto wa Masasi, jirani kabisa na Nachingwea, alimaliza miaka kumi ya urais bila kumnyonga mtu. Rais John Magufuli alisema hadharani mwaka 2017 kwamba hayuko tayari kutia saini hati ya kunyonga. Wahukumiwa wanazeeka gerezani wakiingoja saini ambayo kila rais anaikwepa, na ambayo rais yeyote anaweza kuitia kesho.

Kwa hiyo mwanamke yule wa mfano wetu angekata rufaa, na akishindwa angemwandikia Rais chini ya ibara ya 45 ya Katiba. Arusha asingeweza kwenda mwenyewe. Wiki moja kabla ya hukumu ile ya 2019, Tanzania iliwasilisha notisi ya kuondoa tamko lililowaruhusu wananchi kuishtaki huko, na mlango ukafungwa Novemba 2020.