Programu Iliyokwama Nusu Njia

Mvuvi hatupi wavu mzima kwa sababu ya tundu moja. Hukata nyuzi zilizochakaa mpaka afikie mafundo mazima, ndipo huanza kusuka. Kazi hiyo si ngeni Mbegani, kusini ya mji wa Bagamoyo, kilipo chuo cha Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi. Kwa kompyuta, ajabu ni kwamba watu wengi hufanya kinyume chake: programu moja ikiharibika hufuta diski yote, na kumbukumbu za samaki waliopimwa kwa miaka mingi hupotea pamoja na kosa.

Tuseme umeme umekatika wakati programu inawekwa katika kompyuta yenye Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991. Katika Debian na Ubuntu, programu huletwa katika kifurushi, nacho hufunguliwa na chombo kiitwacho dpkg. Chombo hicho kina daftari lake, /var/lib/dpkg/status, ambamo huandikwa jina, toleo na hali ya kila kifurushi. Baada ya ajali hiyo daftari laweza kuonyesha kwamba kifurushi kimewekwa nusu na kwamba sharti kiwekwe tena. Tangu hapo apt, iliyo msimamizi wa vifurushi, hugoma kuendelea na kazi nyingine.

Kufuta mafaili kwa mkono hakufai kitu, kwani daftari halijui kwamba yamefutwa. Tena kila kifurushi chaweza kuja na maelekezo ya kuondolewa kwake. Ikiwa kasoro imo ndani ya maelekezo hayo, basi mgonjwa ndiye anayetakiwa kujitibu.

Fundi mwangalifu hunakili kwanza kumbukumbu za kazi mahali pengine. Kisha hutoa amri mbili:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install

Ya kwanza hukamilisha vifurushi vilivyokwisha kufunguliwa. Ya pili hutafuta vinavyokosekana, na mara nyingi huhitaji intaneti. Zote mbili zikishindwa, hubaki ya kulazimisha:

sudo dpkg --remove --force-remove-reinstreq jina-la-kifurushi

Amri hii si ya kuchezewa. Kifurushi kama libc6, ambacho karibu programu zote hukitegemea, kikiondolewa, kompyuta yenyewe itazama. Na ikiwa kinachokwamisha ni maelekezo ya kuondoa, fundi huyatafuta katika /var/lib/dpkg/info, katika faili lenye jina la kifurushi na mwisho wa .prerm au .postrm, hulihamishia kando, kisha hurudia amri. Mafaili ya mtumiaji yaliyo chini ya /home hayaguswi na dpkg.

Mwisho huuliza:

sudo dpkg --audit

Daftari likiwa safi, kompyuta haijibu neno.