SURURU ISIYOCHIMBA



Ukiwa unalima huko Petta, au popote karibu na reli itokayo Tororo kupitia Nagongera kuelekea Jinja, jembe lako laweza kugonga chuma kizito usichokijua. Kinafanana na sururu. Katikati kina tundu la mpini, na ncha moja imechongoka. Lakini ncha ya pili haina makali. Ni butu, imepanuka kama herufi T. Mmoja atasema ni jembe lililovunjika, mwingine atasema ni nyundo ya mhunzi. Wote wawili wamekosea.

Hiyo ni sururu ya kushindilia kokoto, chombo cha gengi la reli. Reli hulala juu ya mataruma, na mataruma hulala juu ya kokoto. Treni zikipita siku baada ya siku, kokoto husogea, taruma huzama, na njia hulegea. Ncha kali ilitumika kulegeza kokoto zilizoshikana. Ile butu ilizigongea chini ya taruma mpaka likae imara.

Ukitaka kuhakikisha, tazama ile ncha butu. Chuma kilichopiga mawe kwa miaka mingi huwa kimelika pembeni. Kisha osha udongo utafute herufi. Zikiwa K.U.R., hiyo ni Reli ya Kenya na Uganda, jina lililoanza mwaka 1926 na kwisha 1948. Zikiwa E.A.R., ni Reli ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977. Njia hii ya Tororo ilijengwa katika miaka ya 1920, na treni zikafika Kampala mwaka 1931.

Sasa sikilizeni jambo kubwa. Sururu hii haifai kitu mikononi mwa mtu mmoja. Ukigonga kokoto upande mmoja tu wa taruma, zitatokea upande wa pili. Kwa hiyo taruma moja lilishikwa na watu wanne, wawili kwenye kila reli. Mmoja alisimama upande huu wa taruma, mwenzake upande ule, wakapiga kwa pamoja. Akichelewa mmoja, jasho la mwenzake limepotea bure.

Siku hizi katika nchi nyingi kazi hiyo hufanywa na mashine. Mnunuzi wa vyuma chakavu ataipima sururu yako kwa kilo, wala hatauliza ni nani aliyeishika. Basi kabla ya kuiuza, ipeleke kwa wazee waliofanya kazi ya reli. Waulize waliamka saa ngapi, walilipwa nini, nani aliumia. Andika majibu pamoja na majina yao, maana wazee hao wanapungua. Na ikiwa ina herufi za reli, uliza kwanza stesheni, usije ukashtakiwa kwa kuuza mali ya umma.

Mainjinia wameandikwa vitabuni. Watu wa gengi wataandikwa na nani, kama si sisi wafanyakazi wenzao?