Jiko Lisilozimika

Njooni, wapwa zangu, kaeni hapa mkekani. Leo jiko litazungumza.

"Mjomba, jiko haliwezi kuzungumza!"

Leo litazungumza. Nyamazeni kidogo mlisikie.

"Mimi nawaka mchana, nawaka usiku," linasema Jiko. "Mama akilala, nawaka. Akiamka, nawaka zaidi. Mkaa mkiniletea, nauchoma. Msiponiletea wa kutosha, nachota wa akiba kwenye gunia pale pembeni. Mkinizidishia, unaobaki nautia guniani."

Jiko hilo ni mwili wa mama. Mkaa ni chakula. Gunia ni mafuta yaliyohifadhiwa tumboni, mapajani na mikononi.

"Mjomba, nani aligundua kwamba mwili unawaka?"

Hilo ndilo swali! Wafaransa wawili, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace. Wakati wa baridi kali ya mwaka 1782 kuingia 1783, mjini Paris, walimweka simbilisi ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu. Simbilisi ni mnyama mdogo, mpole, mwenye manyoya. Hawakumkata wala kumchoma. Alikaa tu, akapumua. Barafu ikayeyuka, maji yake yakapimwa. Wakalinganisha joto lake na joto la mkaa unaoungua. Wakaona kupumua nako ni kuwaka, kuwaka polepole kusiko na moshi. Basi mkaa wangu wa leo umetoka mbali, wapwa zangu.

Joto hilo tunalipima kwa kalori. Kalori moja, hizi zinazoandikwa kwenye pakiti za vyakula, inatosha kupasha lita moja ya maji kwa nyuzijoto moja tu.

"Sasa mbona mama ameandika 1,500 kwenye simu yake?"

Sogea karibu, mpwa wangu, tuhesabu pamoja. Tuseme mama ana kilo 80, urefu wa sentimita 160 na umri wa miaka 40. Ipo kanuni iliyochapishwa Marekani mwaka 1990 ambayo inapokea namba hizo na kukadiria mkaa wa Jiko. Inasema mama huyu, akilala tu kutwa, anachoma karibu kalori 1,440.

"Akilala tu?"

Akilala tu! Moyo unasukuma damu. Mapafu yanavuta hewa. Ubongo haupumziki hata tukiwa usingizini. Sehemu kubwa ya mkaa wetu inakwenda huko, wala si kwenye kukimbia. Kisha mama anafua, anakwenda sokoni, anapanda ngazi. Tukiongeza kazi hizo, tunafika karibu 1,980.

Mama anataka gunia lipungue. Basi anampa Jiko 1,500. Zinazopungua, kama 480, Jiko linazichota guniani. Hiyo ndiyo maana ya ile namba. Ni makadirio ya mkaa wa siku, yaliyopunguzwa kidogo. Kama jana alikula 1,700 na leo 1,400, hakuna aliyevunja sheria.

"Na gunia linakwisha lini?"

Taratibu. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina akiba ya karibu kalori 7,700. Mama akipunguza 480 kila siku kwa wiki nzima, anapata 3,360. Haifiki hata nusu kilo! Na mizani inaweza kukaa palepale siku kadhaa, kwa sababu mwili hubeba maji pia, na maji yana uzito. Kwa hiyo mkimwona mama amesimama juu ya mizani amekunja uso, msimcheke. Mwambieni asubiri.

"Mjomba, mkaa wote ni sawa?"

Una akili, wewe! Si sawa. Gramu moja ya sukari au wanga ina kalori 4. Gramu moja ya protini, ile ya maharage na samaki, nayo ina 4. Lakini gramu moja ya mafuta ina 9. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina karibu kalori 120. Ukimimina kwenye sufuria bila kupima, huoni chochote, lakini Jiko linaona. Na chai je? Vijiko vidogo vitatu vya sukari ni karibu 48. Kwa vikombe vinne kwa siku, ni zaidi ya 190, na bado mama hajala kitu. Ndiyo maana simpi mama shauri la kuacha ugali wake. Namshauri apime mafuta kwa kijiko.

"Basi apunguze sana, amalize haraka!"

Hapo Jiko linapiga kelele. "Msiniue kwa njaa! Mkinipunguzia mno, nafunga mlango wangu wa hewa, nawaka kidogo kidogo."

Ni kweli. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, wanaume 36 walijitolea kula karibu nusu ya walichozoea kwa miezi sita. Msimamizi wao alikuwa Ancel Keys. Walihisi baridi. Mapigo ya moyo yakapungua. Wakawa wanawaza chakula asubuhi, mchana na usiku. Hawakuwa wavivu. Majiko yao yalikuwa yanajiokoa. Ndiyo maana mwanamke mzima hashauriwi kushuka chini ya 1,200 bila daktari, na mwenye mimba au anayenyonyesha asianze hesabu hizi bila kumwona mtaalamu.

Na kuna jambo ambalo simu haimwambii mama mapema. Akipungua hadi kilo 70, Jiko nalo limekuwa dogo. Sasa linachoma karibu 1,840, si 1,980 tena. Ile 1,500 inaacha pengo la 340 tu, na uzito unashuka polepole zaidi. Wengi hukata tamaa hapo, wakidhani wamekosea. Hawajakosea! Wahesabu upya tu. Na akiamua imetosha, aongeze chakula taratibu hadi 1,840. Akirudi kwenye kipimo cha zamani, gunia litajaa tena.

"Mjomba, na mimi nihesabu?"

Hapana, kipenzi changu. Jiko lako bado linajengwa. Mkaa wako unatoa joto, na pia unarefusha mifupa na kukuza misuli na ubongo. Kanuni ya mama haikutengenezwa kwa ajili yako. Mwenzako akikucheka shuleni kwa sababu ya mwili wako, mwambie mama au mwalimu, usiruke mlo. Daktari akiona pana haja ya kubadilisha chakula chako, atazungumza na wazazi. Wewe ingia jikoni, umsomee mama namba kwenye pakiti wakati anapika. Halafu kachezeni mpira.