Ndama Naye Anaumia: Uliza Sindano ya Ganzi Kabla ya Kuchoma Pembe

Mwaka jana tulialikwa na kikundi kimoja cha akina mama wafugaji siku ya kuchoma pembe za ndama. Ndama walikuwa saba. Wanaume wanne walikuja kusaidia kushika, kamba zikaletwa, na chuma kikawekwa kwenye jiko la makaa mpaka kikawa chekundu. Ndama wa kwanza alilia mpaka watoto waliokuwa wakichungulia wakakimbia. Wa tatu alirusha teke akamvunja mzee mmoja kidole. Jioni mama mwenye yule wa kwanza alitwambia ndama amekataa maziwa kabisa.

Tulimwuliza kijana aliyekuwa akichoma, ambaye amesomea kazi hiyo, kama hakuna dawa ya ganzi. Akajibu, "Iko, lakini hakuna mtu huniuliza."

Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike makala hii. Wengi wetu tunajua ganzi ya kung'oa jino. Hakuna hata mmoja wetu angekubali kung'olewa jino bila sindano, na daktari wa meno hangojei aulizwe. Kwa mifugo imekuwa kinyume, na lawama si ya mfugaji peke yake.

Kwa miaka mingi hata madaktari wa wanyama hawakufundishwa sana habari ya maumivu. Walifundishwa kulaza mnyama asitikisike wakati wa kumpasua, basi. Akiamka, wengine walisema maumivu kidogo ni mazuri kwa sababu yatamfanya atulie na kidonda kipone. Siku hizi madaktari wenyewe wanakubali walikosea. Mwili wa ng'ombe, mbuzi au punda una mishipa ya fahamu inayopeleka habari ya maumivu kwenye ubongo kama wetu. Tofauti ni kwamba mnyama hasemi, na tena huficha. Swara anayechechemea waziwazi ndiye simba humchagua, kwa hiyo wanyama wanaowindwa wamezoea kusimama kimya hata wakiwa na shida. Punda ndiye bingwa wa kunyamaza. Watu husema punda ni mvumilivu, nasi tunaogopa kwamba mara nyingi uvumilivu huo ni kidonda chini ya tandiko ambacho hakuna aliyekitazama.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya madaktari ilikuwa kutafuta njia ya kuyaona maumivu. Mwaka 2010 watafiti wa Montreal, Kanada, walionyesha kwamba uso wa panya hubadilika akiumia, na kwamba mtu anaweza kufundishwa kuusoma na kuupa alama. Mwaka 2014 ikaja orodha ya uso wa farasi, na mwaka 2016 ya kondoo. Mambo wanayotazama hata wewe unaweza kuyatazama zizini: macho yaliyofinywa nusu, masikio yaliyolala nyuma au kukunjwa, misuli ya shavu iliyokazwa, pua iliyobana. Kwa ng'ombe ongeza haya: ameacha kucheua, anasaga meno, amekunja mgongo, anajitenga na wenzake. Ndama aliyechomwa pembe hutikisa kichwa na kupigapiga masikio kwa muda mrefu. Tulidhani ni nzi.

Madaktari wa mbwa na paka wana chama chao cha dunia kiitwacho WSAVA. Mwaka 2014 kilitoa mwongozo wa kutibu maumivu, kikautoa tena upya mwaka 2022. Humo maumivu yanahesabiwa kuwa jambo la nne la kupima kwa kila mnyama, baada ya joto la mwili, mapigo ya moyo na kupumua. Chama hicho pia kiliingia katika vita ya dawa moja, ketamini, ambayo hulaza mgonjwa na kupunguza maumivu. Mwaka 2015 lilikuja pendekezo Umoja wa Mataifa kwamba ketamini ifungiwe pamoja na dawa za kulevya. Madaktari wa watu na wa wanyama walipinga kwa sababu katika nchi maskini dawa hiyo ndiyo hospitali ndogo hutegemea. Pendekezo halikupita.

Sasa turudi kwa ndama wetu, maana hapo ndipo utafiti umefanywa sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Massey, New Zealand, walipima kotisoli, homoni ambayo huongezeka katika damu mwili ukiwa na dhiki. Ndama aliyekatwa pembe bila dawa, homoni hupanda mara moja na kukaa juu kwa saa nyingi. Aliyepigwa ganzi hatulii tu kwa sababu ameshikwa. Damu yenyewe inaonyesha hana dhiki ile. Lakini ganzi ikiisha, baada ya saa mbili hivi, maumivu yanarudi na homoni inapanda kwa kuchelewa. Ndiyo maana madaktari wanashauri sindano mbili. Ya kwanza ni ya ganzi (lignokeni), na ya pili ni ya kutuliza maumivu na uvimbe, kama meloksikamu au ketoprofeni, ambayo humfikisha ndama usiku. New Zealand haikuishia kwenye ushauri: tangu Oktoba 2019 sheria yake inalazimisha ganzi kwa kila ng'ombe au ndama anayetolewa pembe.

Sindano yenyewe si kazi kubwa. Kutoka pembe ya nje ya jicho mpaka kwenye shina la pembe kuna ukingo wa mfupa, na mshipa wa fahamu wa pembe hupita chini yake. Mtaalamu hudunga hapo katikati, kila upande. Kisha ni kungoja dakika tano hadi kumi, na hapa ndipo wengi huharibu. Anadunga, anashika chuma papo hapo, halafu watu wanasema dawa haifanyi kazi. Mwambieni angoje. Akitaka kuhakikisha, adunge ngozi ya hapo kwa ncha ya sindano; ndama asiposhtuka, aanze.

Umri nao una maana. Kabla ya miezi miwili kichipukizi cha pembe bado hakijashikamana na fuvu, na kazi ni ndogo. Ukingoja mpaka pembe iwe ndefu, hapo ni msumeno, damu, na shimo linaloingia mpaka ndani ya fuvu. Ile dawa ya kupaka nayo isiwadanganye. Haina moshi wala kelele, lakini inachoma, na mvua ikinyesha huteremka machoni.

Tunaomba jambo moja kwa mkazo: msinunue dawa ya maumivu mkadunga wenyewe. Sheria ya mwaka 2011 inataka anayetibu mifugo awe amesajiliwa, na kuna sababu. Ganzi ikizidi kwa ndama mdogo humwua. Vidonge vya watu navyo havifai kugawiwa ovyo. Parasetamoli peke yake huua paka. Dawa nyingi hubaki kwenye maziwa na nyama, kwa hiyo uliza siku za kungoja kabla ya kupeleka maziwa kwenye deri.

Tena kuna habari ya diklofenaki, ambayo wengi wetu tunaijua kwa maumivu ya mgongo. Huko India, Pakistan na Nepal ilitumiwa sana kwa ng'ombe. Tumbusi waliokula mizoga ya ng'ombe hao walikufa figo, na kwa aina tatu za tumbusi walikwisha zaidi ya 9 kati ya kila 10. Sababu iligunduliwa Pakistan na kutangazwa mwaka 2004, na mwaka 2006 nchi hizo tatu zikaipiga marufuku kwa mifugo. Meloksikamu ilionekana haiwadhuru. Mkiona diklofenaki inatolewa kwa ng'ombe zenu, ulizeni kama hakuna nyingine.

Kuhusu pesa, kikundi kile kilijadili sana. Mweka hazina alisema wazi kwamba ndama hatalipa deni la dawa. Mwenyekiti akamjibu, "Na kidole cha mzee je, tulilipa ngapi hospitali?" Wakakubaliana kukusanya ndama wote siku moja, kwa sababu chupa moja ya lignokeni hutosha ndama wengi na gharama ya safari ya mtaalamu inagawanywa.

Tulirudi kwao mwezi wa pili. Ndama walikuwa watano, washikaji wawili. Kijana alidunga wote, akaketi akanywa chai, kisha akaanza na yule wa kwanza. Moshi na harufu vilikuwa vilevile. Ndama alisukumana kwa sababu ya kushikwa, akaachiliwa, akasimama kidogo. Saa kumi na moja jioni wanne walimaliza maziwa yao. Wa tano alikunywa nusu, na mama yake mwenye zizi alikaa naye mpaka giza.