Chombo Chenye Kiraka Tezini

Kila mtu wa pwani ana chombo chake cha ndotoni. Changu ni mashua mpya ya futi 25, omo imeinuka, tanga jeupe, mbao zinanukia mafuta. Nimeitunga mashairini miaka thelathini, wala sijapata kumiliki hata hori. Kwa hiyo dada yangu wa Lamu, ambaye ni mjane, aliponiletea habari kwamba amefungua kasha, ameuza vikuku vyake, na ananitaka nikamchagulie mwanawe chombo cha kuvulia, niliondoka Mombasa na furaha kumpita mvuvi mwenyewe.

Mpwa wangu huvua tewa kwa mshipi, katika vyombo vya watu. Asiyejua uvuvi na ajue hili: samaki wakiuzwa na gharama zikitolewa, kinachobaki hugawanywa mafungu, na chombo nacho kina fungu lake kama mtu. Asiye na chombo hula la mkono wake tu. Ndiyo maana ya vikuku kutoka kashani.

Tewa naye si samaki wa kufukuzwa. Hukaa pangoni mwambani akavizia mpitaji. Chombo cha kumvua sharti kijue kusimama: kitiwe nanga juu ya mwamba, kisilale wavuvi watatu wakiinamia upande mmoja, na kiwe chepesi cha kung'oka upesi upepo ukigeuka. Tena kiwe na uwezo wa kwenda mbali. Tangu mkondo uchimbwe kwa ajili ya bandari mpya upande wa Kililana, wavuvi wamelia kwamba maeneo yao ya karibu yameharibika. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, na gati ya kwanza ikafunguliwa mwaka 2021. Fidia ni fidia, lakini samaki wa mlangoni hawakurudi kwa hukumu.

Chombo cha kwanza alikichagua mpwa wangu mwenyewe: boti ya faiba, nyeupe kama yai, na mashine ya nguvu za farasi 40. Faiba haitaki kalafati wala deheni, na mashine hiyo hukufikisha mwambani kabla jua halijachoma. Nilimwuliza bei. Vikuku vya mamake visingefika hata nusu.

"Si neno, Mjomba," akanambia. "Kuna tajiri atamaliza. Nitamlipa kwa samaki."

"Kwa bei ya nani?"

Akanyamaza. Bei ni ya tajiri. Na maadamu deni lipo, samaki wote ni wa tajiri, hata soko likipanda. Na kusi ikivuma, miezi bahari isipotokeka, deni halingoji kaskazi.

Chombo cha pili nilikichagua mimi. Nilimpeleka Matondoni, kijiji cha mafundi, ambako sauti ya tezo hutangulia kukupokea kabla ya watu. Mkuku ulikwisha lazwa, mataruma ya mlilana yamesimama. Fundi akatueleza jinsi mbao njema zilivyokuwa adimu na ghali. Si ajabu; mafundi wa Lamu wamewahi kuunda chombo kizima kwa plastiki na kandambili zilizookotwa ufuoni, kile kiitwacho Flipflopi, kikashushwa majini mwaka 2018 na mwaka uliofuata kikafika Unguja. Mimi nilisimama pale nikiupapasa mkuku ule kama mtu aonaye ndoto yake mchana. Fundi akataja bei, na miezi ya kungoja. Nikasema tutaweza, twende tukakope. Ndiyo, msomaji, nilisema hivyo, mimi niliyekuwa nimemkaripia kijana jana yake.

Cha tatu hakuna aliyekichagua. Mzee mmoja wa Shela, nahodha aliyechoka macho, alikuwa akiuza mashua ya futi 19. Rangi imebambuka, na tezini ina kiraka cha ubao mgeni ambao hata rangi haikukubali. Mzee hakuficha kitu. "Hapa iligonga mwamba," akasema. "Inavuja kidogo, kila safari utafua maji. Lakini mkuku wake ni mzima, na nimeilisha nyumba kwayo." Nikapiga mbao kwa kidole, nikadunga kisu penye mkuku, haukuoza. Mpwa wangu akatazama pembeni. Nami nilitazama pembeni.

Usiku tukamweleza dada yote matatu. Akasikiliza, kisha akauliza neno moja: "Kaka, katika hivi vitatu, ni kipi kitakacholala hapa ufuoni asiwepo mtu wa kukidai?"

Hapo nikakumbuka chuo. Watoto tuliokaa juu ya jamvi tulifundishwa kisa cha Nabii Musa na Khidhri kilichomo katika Suratul Kahf, sura ambayo wengi wetu huisoma kila Ijumaa. Khidhri alikitoboa chombo cha maskini wafanyao kazi baharini, na Musa akastaajabu. Baadaye akaelezwa: nyuma yao palikuwa na mfalme aliyekuwa akipora kila chombo kizima. Ile kasoro ndiyo iliyowaachia wenyewe mali yao. Miaka yote nimesoma kisa hiki nikidhani wafalme wa namna hiyo wamekwisha. Kumbe wengine hukaa nyuma ya meza, wana daftari na kalamu, na hawapori ila kile ulichotia sahihi mwenyewe.

Tulinunua mashua ya kiraka. Fedha zilizobaki zilitosha kalafati mpya, nanga, mashine ndogo kuukuu ya farasi 15, na jaketi za kuokolea maisha kwa watu wanne. Kijana alinuna wiki nzima. Siku ya kwanza walinichukua, nilipoanza kusifu bahari akanitia chombo cha kufulia maji mkononi: "Mjomba, maneno baadaye, maji yanaingia." Nikafua. Saa tano akapandisha tewa mnene, akamtazama kitambo, akasema polepole, "Huyu namuuza nitakapo." Kununa kuliishia hapo.

Ndoto yangu bado ninayo, na haina dhambi. Lakini sasa ninajua pa kuiweka: iwe katika beti, isiwe katika deni la mtoto wa mwenzangu.

Nilitaka cha fahari, kisifiwe bandarini,
Dada yangu kafikiri, akanitoa ndotoni,
Chombo chako ni cha heri, chenye kiraka tezini,
Cha deni japo kizuri, mwenyewe yuko dukani.