Ritifaa ya ng'ombe na bili ya SMS

Mwenye bucha anawatangazia wateja kwa SMS: "Nyama ya ng'ombe leo sh. 12,000 kwa kilo. Tupo mkabala na stendi. Tunafungua saa 12 asubuhi. Karibuni!" Ukihesabu kila kitu, nafasi na nukta zikiwemo, ujumbe haufiki herufi 110. Ni SMS moja. Lakini simu yake ikiipinda ile ritifaa ya "ng'ombe", kama baadhi ya simu zinavyopenda kupamba, au akibandika emoji ya kichwa cha ng'ombe mwishoni, analipia SMS mbili kwa kila mteja.

Ujumbe wa SMS haupiti njia ya sauti. Hujibana kwenye njia ya ishara, ambayo simu na mnara hutumia kuelewana simu iko wapi na nani anapigiwa. Humo kuna nafasi ya baiti 140, yaani biti 1,120. Herufi za alfabeti ya GSM, mfumo wa simu za mkononi, hula biti 7 kila moja. Gawanya, utapata 160. Ritifaa iliyonyooka imo kwenye alfabeti hiyo, iliyopinda haimo. Ikiingia herufi ngeni moja tu, ujumbe mzima huandikwa kwa biti 16 kwa herufi, na nafasi zinashuka hadi 70. Ukizidi hapo unakatwa vipande vya herufi 67, maana kila kipande hubeba pia maelekezo ya kuunganishwa na mwenzake. Watoa huduma za SMS za jumla hutoza kwa kipande.

Hiyo 160 ilitoka Bonn. Mwaka 1985 mhandisi Friedhelm Hillebrand alikaa na taipureta, akaandika sentensi na maswali ya kila siku, akahesabu. Karibu zote zilitosha humo. Twitter, iliyoanza mwaka 2006 ikitegemea SMS, ilitenga 20 kwa jina la mtumiaji, zikabaki 140. Iliongeza hadi 280 mwaka 2017, wakati SMS haikuwa tena na la kuamua.

Aliyezitumia vizuri zile 140 ni Francis Kariuki, chifu wa Lanet Umoja, Nakuru, aliyevuma mwaka 2012. Wakazi wengi hawakuwa na simu janja. Walipokea machapisho yake kwa SMS. Usiku mmoja wezi walivamia nyumba ya mwalimu. Chifu akapigiwa simu, akaandika, majirani wakajaa nje ya nyumba ile, wezi wakatimua mbio. Kondoo akipotea, alitangazwa vivyo hivyo. Chifu hakuwa na nafasi ya salamu ndefu: nini kimetokea, wapi, basi.

Kinyume chake, wauza nguo wa Instagram wana herufi 2,200 chini ya kila picha. Wanajaza mioyo, maua na "mzigo mpya umeingia wapendwa", kisha wanamalizia: bei njoo DM. Mteja anauliza, anasubiri, na kabla hajajibiwa ameshanunua kwa jirani aliyeandika 35,000.